Safu ya Sita

Daftari la kuazimia lina safu tano:
jina, kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi, faini.
Nimezijaza miaka ishirini na sita kwa wino wa buluu,
na zamani zile kalamu haikumaliza mwezi.
Mwaka huu kalamu moja imenifikisha Septemba.

Wanakuja, usinielewe vibaya.
Saa nane mchana, shule zikishawatema,
wanatoka Chumbageni, wanatoka Ngamiani,
baiskeli wanaziegemeza ukutani zikilaliana,
wanaingia, salamu nusu,
wanazipita rafu kama wanaopita nyumba ya mdai,
mpaka chini ya dirisha la tatu,
kwenye soketi.

Nilikuwa nawafukuza. "Hapa si kibanda cha kuchaji!"
Kidole kikaelekea kwenye kibao:
KIMYA. USILE. USILALE.
Nilikiandika mwenyewe, kwa rangi iliyobaki ya mlango.

Siku moja umeme ukakatika.
Wakaondoka wote ila Mhina wa Makorora,
mtoto wa fundi cherehani, chaji asilimia tisa,
kainama kama anayetafuta sindano ya baba yake.
Nikamnyatia na rula mkononi,
nikasoma juu ya bega lake.

Hadithi.
Mistari mifupi, kioo kimepasuka katikati ya sentensi:
mwanamke kafungua mlango, kamkuta mtu aliyemzika.
Chini yake: Itaendelea.
"Ya ngapi hii?" Rula nimeshaisahau.
"Sehemu ya hamsini na tatu, mzee.
Ya hamsini na nne kesho usiku, bando likiwepo."

Hamsini na tatu!
Na mimi juzi nimeandika ripoti kwenda mkoani
kwamba vijana hawasomi.

Nikajikumbuka, Muheza, umri kama wake,
sukari imefungwa kwa kipande cha gazeti,
hadithi imechanika pembeni, palepale panaponoga,
nami narudi dukani kununua chumvi tusiyoihitaji
ili nipate kipande kingine.
Mwenye duka hakuwahi kuniambia kuwa kule si kusoma.

Basi nikaanza makosa yangu.
Nikanunua ekstensheni ya matundu sita, Barabara ya Nane,
nikaivuta hadi katikati ya riwaya,
ili anayefuata umeme apite kwenye migongo ya vitabu.
Kibao sikukitoa, nilifuta maneno mawili.
Kulala bado marufuku;
nikisinzia mimi, hiyo ni siri ya ofisi.
Kisha nikachukua riwaya isiyotoka tangu Mhina hajazaliwa,
nikaichapa sura ya kwanza kwa kidole kimoja, siku tatu,
nikaituma kwenye kundi lao saa tatu usiku,
na mwishoni, kama muuza chumvi:
Itaendelea. Rafu ya nne, mgongo mwekundu.

Kesho yake walikuja saba. Kitabu kimoja.
Waligombana, nami moyoni napigiwa vigelegele.
Mwantumu wa kidato cha tatu akakinyakua, akawasomea,
na mle ndani, ambamo hata kikohozi kilibisha hodi,
watu wakacheka.

Sisemi nimeshinda. Wawili hawakurudi.
Mmoja alisema kitabu kinachosha mikono ukiwa kitandani.
Mwingine kaomba nisome, arekodi, ampelekee bibi yake asiyeona.
Nimejisikiliza: sauti kama bawaba kavu.
Nimetuma hivyohivyo.

Jana kaja mkaguzi, Bwana Shekiondo, viatu vinalia,
kidole chake kikashuka safu hadi safu.
"Kumi na moja tu? Mwezi mzima?"
Nyuma yake, sakafuni, vichwa vimeinama, vingi.
Hakugeuka. Vichwa havina safu.

Alipoondoka nikaitafuta ile rula,
nikapiga mstari pembeni, pale palipobaki weupe mwembamba.
Safu ya sita.
Mhina anataka niiite "Waliopo".
Mwantumu anasema "Waliocheka".
Nimeiacha bila jina, nikaanza kuhesabu.
Kalamu ikakauka kwenye kichwa cha kumi na tatu.